Lita Elfu Sabini Zilizokosa Mwenyewe: Mafunzo ya Usafishaji kutoka Red Hill

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wahandisi wa maji, wataalamu wa maabara, maofisa mazingira mliotoka wilayani na kwenye kaunti, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie uchafuzi kwenye kambi za jeshi na namna unavyosafishwa. Mada hii ni pana. Kuna mabomu yaliyosalia viwanja vya shabaha, kuna viyeyusho vya kuondolea grisi kwenye vyuma, kuna povu la zimamoto, kuna mafuta. Nikiyagusa yote tutaondoka hapa na vichwa vya habari tu. Kwa hiyo nachukua mafuta, tena mahali pamoja: Red Hill, kisiwa cha Oahu, Hawaii, ghala la mafuta la Jeshi la Majini la Marekani. Nimelichagua kwa sababu ripoti za uchunguzi wake zilitolewa hadharani, na kosa lililofanyika kule linaweza kufanyika kesho kwenye bohari yoyote ya mafuta mnayoijua.

Hoja yangu ni moja. Kazi ya kusafisha huanzia kwenye hesabu ya lita. Lita ambayo hujui iko wapi leo ndiyo utakayoitafuta mwakani ndani ya kisima.

Tuanze na mahali penyewe. Matangi ya Red Hill yalijengwa kati ya 1940 na 1943, yakiwa yamechongewa ndani ya mlima ili ndege za adui zisiyaone. Yako 20. Kila moja lina urefu wa kama mita 76, kipenyo cha mita 30, na lilibeba kama lita milioni 47. Ukuta wake ni bati la chuma lenye unene wa robo inchi, na nyuma ya bati kuna zege, halafu mwamba. Kutoka matangini mafuta yalikuwa yakiteremka kwa uzito wake mwenyewe kupitia mabomba yaliyolazwa handakini hadi bandari ya Pearl Harbor. Chini ya vitako vya matangi, kama mita 30 tu, yapo maji ya chini ya ardhi yanayonywewa kisiwani.

Mwamba wenyewe ni lava iliyopoa kwa matabaka. Una nyufa, una kokoto za volkano, una vijishimo vilivyoungana. Aliyezoea kuchora mwelekeo wa maji kwenye mchanga, kwa kuunganisha visima vitatu na kupata mshale mmoja, kule ataumbuka. Mafuta yanaweza kwenda upande mmoja na maji upande mwingine.

Sasa angalieni kisima. Wenzetu wa Unguja na mwambao wanafahamu vizuri kwamba maji matamu ya kisiwani hukaa juu ya maji chumvi, na ukichimba kina kirefu na kuvuta kwa pupa, unavuta chumvi. Hawaii walilikwepa hilo kwa kuchimba handaki la kulala, zaidi ya mita 300, usawa wa uso wa maji, ili wachote tabaka la juu taratibu. Ni uhandisi mzuri. Ila mafuta nayo huelea, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa kama kilo 0.8. Handaki lililotengenezwa kuchota utando wa juu wa maji matamu litachota pia chochote kinachoelea juu yake. Na kisima hicho kilikuwa kwenye mlima uleule, upande wa chini wa matangi.

Januari 2014, tangi namba 5 lilivujisha kama lita 102,000 muda mfupi baada ya kurudishwa kazini kutoka matengenezo. Sababu ilikuwa uchomeleaji mbovu wa mkandarasi, na ukaguzi uliopitisha kazi hiyo. Mwaka uliofuata yakawekwa makubaliano rasmi kati ya jeshi na wasimamizi wa mazingira, na kwa miaka sita mjadala ukawa juu ya matangi: yawekwe ukuta wa pili au yasiwekwe, bati lipimwe vipi, kutu imefika wapi. Mjadala wa haki kabisa. Lakini balaa lililofuata halikutoka kwenye tangi.

Tarehe 6 Mei 2021, waendeshaji walikuwa wanahamisha mafuta ya ndege aina ya JP-5. Vali zilifunguliwa na kufungwa kwa mpangilio usio sahihi. Sehemu ya bomba ikawa imebaki na utupu, na vali ya tangi ilipofunguliwa, mafuta yakaujaza utupu ule kwa kasi. Fundi bomba yeyote anakijua kishindo hicho: hata bomba la inchi moja nyumbani hugonga ukutani. Bomba la handakini likachomoka kwenye maungio. Taarifa ya kwanza ilisema zimemwagika kama galoni 1,600, yaani lita 6,000 hivi, na karibu zote zimeokotwa.

Ukweli ni kwamba yalitoka kama lita 75,000. Mengi yaliingia kwenye shimo la kukusanyia maji ya mfumo wa zimamoto. Shimo hilo lina pampu zinazojiwasha zenyewe kioevu kikipanda, na pampu haijui kama inasukuma maji, povu au mafuta. Ikayasukuma yote kwenye bomba la kurudishia povu lililotumika, bomba la plastiki aina ya PVC lililoning'inizwa chini ya dari ya handaki. Humo yakakaa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Vipimo vya matangi vilionyesha pengo la kama galoni 20,000. Pengo lilionekana, likatafutiwa maelezo ya kuridhisha nafsi kwamba mafuta yamejaza bomba lililokuwa tupu, na daftari likafungwa. Hakuna aliyetembea handakini akigonga kila bomba kusikia lipi limejaa. Kama lita 70,000 za mafuta ni uzito wa karibu tani 57, na bomba la plastiki lililotengenezwa kukaa tupu likaanza kulegea kati ya vishikizo. Kulegea huko kunaonekana kwa macho. Kwa muda wa miezi sita watu walipita chini yake.

Tarehe 20 Novemba 2021, kigari cha relini kinachobeba wafanyakazi handakini kiligonga vali ya kutolea maji iliyokuwa imeshuka pamoja na bomba lake. Mafuta yakamwagika, karibu lita 72,000, safari hii kwenye sehemu ya handaki iliyo jirani na kisima. Sakafuni kulikuwa na mfereji wa kukusanya maji yanayopenya mwambani, na maji yake husukumwa kwenda kwenye tangi la kunyonyea ardhini. Njia hiyo nayo haikuwa akilini mwa mtu. Mnaona mtindo: mfumo wa zimamoto ulikuwa na mchoro wake, mfumo wa mafuta wa kwake, mfumo wa maji ya sakafuni wa kwake, na hakukuwa na karatasi moja inayoonyesha kioevu kikitoka hapa kitaishia wapi.

Wiki moja baadaye watu wakaanza kusema maji ya bomba yananuka mafuta. Mtandao huo ulihudumia kama watu 93,000. Kisima kilizimwa tarehe 28 Novemba. Wakazi waliambiwa mwanzoni kwamba hakuna dalili ya tatizo. Ndugu zangu, pua ya mama anayeosha vyombo inanusa mafuta kabla vifaa vyenu vingi havijalia. Malalamiko matatu ya harufu kutoka mtaa mmoja ni kipimo. Yaandikeni, wekeni saa na anwani, na fungeni chanzo kwanza ndipo mbishane.

Kisha usafishaji wenyewe, na nitaueleza kwa namna mtakavyoufanya.

Kwanza, mafuta yanayoelea. Ndani ya handaki la kisima wapiga mbizi na mafundi walitumia vifaa vya kukwangua uso wa maji na vitambaa vya kufyonzea. Hatua hii haina heshima kubwa kwenye ripoti, lakini lita inayotolewa ikiwa bado ni mafuta huondoka yote mara moja, wakati lita ikishayeyukia majini na kunata kwenye mwamba itawapa kazi ya miaka. Pimeni kilichotolewa kwa ndoo na kwa pipa. Tenganisheni maji na mafuta kabla ya kuandika, la sivyo mtajisifu kwa lita za maji.

Pili, kuvuta maji ili doa la mafuta lisisambae. Kanuni yake ni kwamba pampu ikivuta, uso wa maji unabonyea, na maji ya jirani yanakimbilia hapo badala ya kwenda kwingine. Mwishoni mwa Januari 2022 walianza kuvuta hadi kama lita milioni 19 kwa siku, zikapitishwa kwenye mkaa amilishi na kumwagwa kwenye mto Halawa kwa kibali. Kuna ubishi wa kweli hapa, na hauishi. Ukivuta sana unashusha uso wa maji, mafuta yanashuka nao, yanapaka mwamba mkavu. Ukipunguza, maji yanapanda na kuyafunika humo. Kila kupanda na kushuka kunaongeza unene wa tabaka lililopakwa. Kwa hiyo chagueni kiwango cha kuvuta, mkishikilie, na kama umeme wenu ni wa kukatika, wekeni jenereta kabla ya kuanza. Bodi ya maji ya Honolulu nayo ilizima visima vyake vya jirani ili pampu zake zisivute doa upande wake. Kisima cha jirani kinachovuta ni sehemu ya tatizo lenu hata kama kiko chini ya mamlaka nyingine.

Mkaa amilishi unahitaji neno lake. Ni punje za mkaa uliotayarishwa kiwandani, zenye matundu madogo yasiyohesabika, na hidrokaboni, yaani kemikali za mafuta, hunata humo. Haufai kupokea mafuta yanayoelea: yataziba uso wa punje na mkaa wote utakufa kwa siku chache, kwa hiyo kitangulizeni kitenganishi cha mafuta na maji, pamoja na kichujio cha tope. Mitungi iwe miwili kwa mfululizo, maji yakitoka wa kwanza yaingie wa pili, na bomba la sampuli liwe katikati. Siku uchafu utakapoonekana katikati, wa pili bado unalinda; unabadilisha mkaa wa kwanza, kisha unageuza zamu. Anayeweka mtungi mmoja na kupima mwisho tu hugundua kwamba mkaa umechoka baada ya kuwa ameshawanywesha watu. Muda wa maji kukaa ndani ya mkaa uwe dakika 10 hadi 20. Mkitaka kuongeza mtiririko ongezeni mitungi, msifungue vali zaidi.

Tatu, mtandao wa mabomba na nyumba. Red Hill waliugawa kwenye kanda 19. Maji ya kusukutulia hayakumwagwa mtaroni. Kama lita milioni 95 zilipitishwa kwenye mkaa kwanza. Sukutueni kutoka kwenye chanzo kwenda nje, vali za pembeni zikiwa zimefungwa ili maji yaende njia moja, na kwa kasi ya kutosha kung'oa utando ukutani mwa bomba, si kutiririsha tu. Matangi ya kuhifadhia maji yasafishwe kabla ya mabomba yanayolishwa nayo. Mkianza na nyumba kabla ya bomba kuu mtarudia kazi.

Ndani ya nyumba, ondoeni vichujio vidogo vya midomo ya bomba, fungulieni maji baridi, halafu toeni maji yote kwenye hita na kuijaza upya, halafu maji ya moto. Hita ndiyo inayosahaulika. Inaweka mafuta mepesi juu kabisa ndani ya tangi lake, na joto linayatoa kama mvuke bafuni. Mashine ya kufulia izungushwe tupu. Vichujio vya friji vitupwe, visioshwe. Mpira wa gasketi na bomba za plastiki laini hunyonya mafuta na kuyarudisha polepole, ndiyo maana nyumba iliyopimwa safi Jumatatu inaweza kunuka Alhamisi. Na sisi tunaotandaza mabomba ya polithini kila mahali tulijue hili: hidrokaboni hupenya ukuta wa polithini. Bomba likipita kwenye udongo wenye petroli karibu na kituo cha mafuta, maji yaliyomo yanaweza kuchafuka bila ufa wowote. Sehemu kama hiyo inahitaji chuma, na gasketi inayostahimili mafuta.

Kanda ya mwisho ilitangazwa salama tarehe 18 Machi 2022. Lakini vipimo vikaendelea kuleta ubishi, na nataka watu wa maabara wasikilize. Kipimo cha jumla ya hidrokaboni hakiulizi jina la kemikali. Kinahesabu chochote kinachotokea ndani ya dirisha fulani la mashine. Baadaye matokeo madogo yaliendelea kuonekana bombani Hawaii, wakazi wakisema mafuta bado yapo, jeshi likisema hapana, na sehemu ya jibu ikapatikana kwenye chupa: klorini iliyobaki kwenye maji ilimenyuka na kemikali za maandalizi. Kabla ya kutuma sampuli ya maji yenye klorini, hakikisheni maabara imewapa chupa yenye kitu cha kuiua klorini hiyo, na muulize ni kipi. Kwa kemikali nyepesi kama benzini, tumieni vichupa vya kioo vya mililita 40, vijazwe hadi mdomo bila kiputo hata kimoja, kwenye barafu, na vikiwa vimewekwa asidi vipimwe ndani ya siku 14. Jenereta ikae upande upepo unakoelekea. Aliyejaza mafuta kwenye gari asiguse chupa. Na kila safari ibebe chupa moja ya maji safi iliyotoka maabara na kurudi bila kufunguliwa. Ikirudi na benzini, mnajua gari ndilo chafu.

Visima vya uchunguzi pia vina mtego wake. Sehemu yenye matundu lazima ivuke uso wa maji, juu kidogo na chini kidogo, kiangazi na masika. Nimeona michoro mingi yenye matundu yote chini ya maji. Kisima cha hivyo kitaleta sampuli safi huku mafuta yakielea nje ya bomba lake. Na unene wa mafuta unaoupima ndani ya kisima kwa kawaida ni mkubwa kuliko ulioko ardhini. Usiuzidishe kwa eneo na kutangaza lita.

Nne, kuondoa chanzo. Waziri wa Ulinzi aliamuru kufungwa kwa ghala Machi 2022, lakini kuyatoa mafuta matangini kulianza tarehe 16 Oktoba 2023. Wengi walilalamika, na uchungu wao naelewa, ila sababu ya kiufundi ilikuwepo: mafuta yangepita kwenye mabomba yaleyale na vali zilezile. Kwanza yalitolewa yaliyokuwa mabombani, kama galoni milioni moja. Kisha yakafanyika marekebisho zaidi ya 250. Ndipo galoni milioni 104, kama lita milioni 394, zikateremshwa taratibu, na mabaki yaliyotuama sehemu za chini za mabomba yakafuatwa hadi Machi 2024. Sasa kuna kuosha matangi na kung'oa mabomba: kupuliza hewa hadi mvuke ushuke, kuondoa tope, kuosha kwa shinikizo. Hakuna mtu kuingia oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, au mvuke ukiwa umefika sehemu ya kumi ya kiwango cha kulipuka, na kipimo hicho hurudiwa kazi ikiendelea, maana ukilikoroga tope mvuke hurudi.

Katikati ya maandalizi hayo, tarehe 29 Novemba 2022, zilimwagika kama lita 4,900 za povu la zimamoto ambalo halijachanganywa na maji, wakati wa matengenezo. Povu la aina hiyo lina kemikali za PFAS, ambazo haziozi. Udongo ulichimbwa ukaondolewa. Kwa povu sheria za chupa hugeuka: kioo mnaweka kando, mnatumia plastiki ngumu, na hamtumii utepe wa Tefloni kwenye maungio kwa kuwa wenyewe ni wa jamii hiyohiyo. Viwango navyo ni vya dunia nyingine: Marekani mwaka 2024 iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na PFOS, kemikali mbili za jamii hiyo, kila moja. Benzini kikomo chake kule ni mikrogramu 5, zaidi ya mara elfu moja. Mkaa hukamata PFAS zenye molekuli ndefu vizuri. Zile fupi hupita mapema. Viwanja vyetu vya ndege vyenye sehemu za mazoezi ya kuzima moto vianzie hapo.

Kwetu, bomba la Mombasa hadi Nairobi lilivuja Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta yakafika mtoni na kwenye visima vya wakulima. Bomba si tangi, kambi si kaunti, lakini swali la siku ya kwanza ni lilelile: zimeingia lita ngapi, zimetoka lita ngapi, na tofauti iko wapi?

Baada ya chai tutagawanyika makundi manne. Kila kundi litapewa michoro mitatu ya bohari moja: mafuta, zimamoto, na maji ya mvua. Ibandikeni kwenye dirisha, mmoja juu ya mwingine, muweke alama kila mahali mistari inapokutana, na kila shimo lenye pampu inayojiwasha. Kisha chukueni daftari la mapokezi ya mafuta la mwezi mmoja mlilogawiwa. Lina pengo la lita 2,300. Saa sita mchana kila kundi liniambie litaanza kulitafuta kwenye bomba gani, na kwa nini.